Klachi ya Toyota 86 inashikia juu na goti linagonga stelingi: uanzie wapi kurekebisha pedeli

Swali la msomaji wa Dar: "Fundi habari za kazi. Nimeagiza Toyota 86 ya 2013 toka Japan, gia za mkono. Gari naipenda sana ila klachi inashikia juu kabisa, karibu pedeli imalize kurudi, so nikiachia goti linagonga stelingi. Kwenye foleni ya Mwenge mguu wa kushoto unauma mpaka paja. Alafu najaribu kujifunza kubana breki na kuchapa mafuta kwa mguu mmoja nikishusha gia lakini pedeli ya mafuta naiona iko mbali. Fundi wa mtaani kasema anazungusha tu fimbo ya klachi inashuka, dakika kumi. Nimuache afanye?"

Kaka salama kabisa, na hongera kwa gari. Jibu fupi: fimbo (kile chuma kinachounganisha pedeli na silinda ya klachi) ndio inayoshusha hapo klachi inaposhika, fundi wako hajakosea hapo, ila usimuache aiguse leo. Fimbo ni kitu cha mwisho kwenye mlolongo. Ukianza nayo utakuwa unairekebisha gari ifuate makosa ya kiti, ya kapeti au ya klachi iliyoisha, alafu baada ya miezi unachoma klachi pleti na hujui kwanini. Nakueleza taratibu maana hili swali naulizwa sana, na sio wa 86 tu, hata wa Mazda Roadster na Subaru za turbo wanauliza hayo hayo.

Anza na kiti. Watu wengi waliozoea Noah na Prado wakiingia kwenye 86 wanakaa vilevile walivyozoea, wima na karibu, na hii gari umekaa chini sana, miguu imenyooka kwenda mbele sio kwenda chini. Sasa ukikaa karibu, goti halina pa kwenda zaidi ya juu, na juu kuna stelingi. Fanya hivi: vua kapeti, kaa ukiegemea vizuri hadi mgongo wa chini uguse kiti, kanyaga klachi mpaka mwisho kabisa kwa unyayo wa mbele sio kwa ncha ya vidole, na hapo mwisho goti libaki limekunjika kidogo tu. Likiwa limenyooka kabisa uko mbali, hip ndo inasukuma na ndo maumivu ya paja yanapotokea. Likiwa limekunjika sana uko karibu. Ukishapata hapo ndo unarekebisha mgongo wa kiti mpaka kifundo cha mkono kilale juu ya stelingi bila bega kutoka kwenye kiti. Stelingi ya hii gari inapanda na kushuka na pia inavutika kuja kwako, watu wengi hawajui hilo la pili, wanasogeza kiti mbele kufuata stelingi wakati wangeivuta stelingi iwafuate wao. Ipandishe, ivute, uone goti linapita au halipiti. Kwa nusu ya watu wanaoniuliza swali lako, maneno yanaishia hapa.

Viatu pia. Ukiendesha na ndala au kiatu cha soli nene huwezi kujua klachi inashika wapi, mguu hausikii kitu. Soli nyembamba, ngumu kiasi, isiyo pana.

Alafu kapeti. Hizi gari zikifika watu wanaweka kapeti nene za plastiki juu ya kapeti yake ya Japan, mbili zimepandana, na hapo pedeli ya klachi haifiki chini kabisa. Isipofika chini klachi haiachii vizuri, gia zinaingia kwa ugumu, rivasi inakwaruza, watu wanasema gearbox mbovu kumbe ni kapeti. Na upande wa pedeli ya mafuta ni hatari kabisa, mwaka 2009 Toyota waliita mamilioni ya magari Marekani kwasababu kapeti ilikuwa inaweza kunasa pedeli ya mafuta ikabaki imekanyagwa. Kapeti moja, iliyofungwa kwenye ndoano zake, basi.

Sasa twende kwenye klachi yenyewe kabla ya kuirekebisha, manake lazima ujue kama ni nzima. Gari imetoka 2013, hujui aliyeiendesha kule aliiendeshaje, na hizi gari nyingi zimechezewa milimani huko. Tafuta barabara tupu, weka gia ya nne ukiwa kwenye spidi 50 au 60, kanyaga mafuta yote kwa mara moja. Mshale wa mzunguko wa injini ukiruka juu huku spidi haifuati, klachi inaslipi, yaani inateleza haishiki, imeisha, hakuna fimbo itakayokusaidia, peleka ibadilishwe. Hii injini ina torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 205 tu kwahiyo klachi yake haina kazi ngumu, ikislipi kwa nguvu hiyo jua imeisha kweli au kuna mtu ameshaharibu marekebisho ya pedeli. Mshale ukipanda pamoja na gari, endelea kusoma.

Angalia fluidi. Klachi ya hii gari ni ya fluidi, yaani mafuta ya breki, haina waya. Ukikanyaga unasukuma fimbo, fimbo inasukuma pistoni ya silinda ya juu ambayo iko nyuma ya ukuta wa injini, fluidi inakimbia kwenye bomba mpaka silinda ya chini pembeni ya gearbox, hiyo inasukuma uma, uma unasukuma rilizi bearing (bearing inayobonyeza presha pleti, lile bamba linaloibana klachi pleti), klachi inaachia. Fluidi ikiwa nyeusi kama kahawa, ibadilishwe na upepo utolewe kabla hujagusa kitu kingine. Pitisha kidole juu ya pedeli pale fimbo inapoingia ukutani, kukiwa na unyevu silinda ya juu inavuja ndani. Nyanyua gari uvute kidogo mpira wa vumbi wa silinda ya chini, ukitoa fluidi nayo imeisha. Upepo na kuvuja vinafanya klachi ishikie CHINI, karibu na sakafu, na inabadilika badilika, asubuhi hivi jioni vile. Yako inashikia juu na haibadiliki, kwahiyo nadhani uko salama upande huo, ila angalia tu.

Na kushikia juu kwenye 86 sio ugonjwa. Nyingi zinatoka hivyo hivyo kiwandani, halafu kuna springi imekaa kwenye pedeli ambayo kazi yake ni kukusaidia mguu. Mwanzo wa pedeli springi inaisukuma irudi juu, ukivuka katikati inageuka inakusaidia kwenda chini. Inafanya klachi iwe nyepesi kwa mtu wa foleni, lakini inaficha, ule uzito wa kweli wa presha pleti hausikii kwenye mguu, kwahiyo hapo inaposhika panakuja kama ghafla. Unachanganya kushikia juu na kutosikia, unapata hilo unalolalamikia.

Sasa fimbo. Hapa nitakaa sana kwasababu ndipo watu wanapoharibu.

Kwenye silinda ya juu kuna kitundu kidogo sana kinachounganisha kikopo cha fluidi na chumba kilicho mbele ya pistoni. Pedeli ikirudi juu kabisa, pistoni inarudi nyuma na kile kitundu kinakuwa wazi. Hicho ndo kinaruhusu fluidi ipumue, ikipata joto inatanuka na kurudi kwenye kikopo, na klachi pleti ikilika mfumo unajirekebisha wenyewe kupitia hapo hapo. Ndo maana klachi ya fluidi haihitaji kukazwa kila baada ya muda kama zile za zamani za waya. Ili kitundu kiwe wazi lazima fimbo isiwe inaisukuma pistoni hata kidogo pedeli ikiwa juu. Yaani lazima pawe na kulegea kidogo, ukibonyeza pedeli kwa kidole kimoja isogee milimita chache bila uzito wowote, ndo uanze kusikia ukinzani. Mafundi wetu wanaita plei.

Ukirefusha fimbo, plei inapungua na klachi inashikia juu zaidi. Ukiifupisha, plei inaongezeka na klachi inashikia chini zaidi. Ndo sheria yote hiyo. Ila angalia kinachotokea mtu akirefusha kupita kiasi: plei inaisha, pistoni inakaa imefunika kitundu muda wote, gari asubuhi iko poa tu. Unaingia foleni, jua la saa nane, joto la injini na gearbox linapanda, fluidi inatanuka haina pa kwenda, inasukuma silinda ya chini, na klachi inaanza kuachia kidogo kidogo mguu wako ukiwa hata hauko kwenye pedeli. Inaslipi, inachomeka, harufu unaisikia unadhani ni lori la mbele. Na rilizi bearing inazunguka ikiwa imebanwa saa zote, na kwenye hizi gari bearing hiyo inajulikana kuanza kulia mapema hata bila kuonewa.

Akifupisha kupita kiasi ni upande wa pili, klachi haimalizi kuachia. Gia ya kwanza inagoma kuingia, rivasi inakwaruza, na zile sinkronaiza (pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia) za gia ya pili na ya tatu zinalika kila unapobadilisha haraka. Gearbox ya 86 yenyewe gia ya pili ni ngumu ikiwa baridi, usiiongezee mzigo.

Kwahiyo kwa tatizo lako, kushikia juu, unafupisha, na unafupisha kidogo kidogo. Utaratibu wangu ni huu. Kwanza pima. Gari sehemu tambarare, kapeti imetolewa, injini inawaka, mtu mwingine ashike rula imesimama sakafuni pembeni ya pedeli. Weka gia ya kwanza, achia taratibu mpaka pua ya gari inyanyuke kidogo, simama hapo hapo, asome. Andika hiyo namba. Pima pia pedeli ikiwa juu kabisa, na plei ni milimita ngapi. Bila hizo namba tatu utakuwa unabahatisha na hutaweza kurudi ulipotoka.

Zima gari, lala chali kichwa kikiwa chini ya dashibodi (hapa hakuna njia ya heshima, weka boksi chini mgongo usiumie), na tochi. Fuata pedeli ya klachi juu utaona kichwa cha fimbo kimefungwa kwa pini, nyuma yake kuna nati ya kufungia, kwa kawaida spana namba 12. Kabla hujailegeza chora mstari kwa tipeksi unaopita kwenye nati na fimbo, ili uone umezungusha kiasi gani. Legeza nati, zungusha fimbo NUSU mzunguko tu, bana nati kwa vidole, bonyeza pedeli kwa mkono uone plei imeongezeka au imepungua. Ikiongezeka uko upande sahihi. Usikariri kwamba ni kulia au kushoto, ukiwa umelala kichwa chini mikono inachanganya, sikiliza plei ndo inakwambia ukweli. Kaza nati, kaa kwenye kiti, washa, pima tena.

Nusu mzunguko unaonekana kitu kidogo ila pedeli ni wenzo mrefu, mabadiliko kwenye fimbo yanakuzwa mpaka yafike mguuni, kwahiyo utaona tofauti. Endelea nusu nusu. Unatafuta ishikie katikati ya safari ya pedeli au chini kidogo ya katikati. Mimi sipendi ishikie chini ya sentimita tatu hivi kutoka sakafuni hata kama mteja anataka, kwasababu fluidi ikichoka kidogo tu tayari haiachii.

Kila baada ya kuzungusha, jaribu hili: injini inawaka, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka tatu, weka rivasi. Ikiingia kimya endelea. Ikikwaruza umevuka, rudisha nusu mzunguko na hapo ndo mwisho wako, hata kama ulitaka ishuke zaidi.

Kuna mtu atakushauri ushushe pedeli nzima iwe sawa na ya breki, kwa kukaza ile bolti au swichi inayoizuia pedeli juu. Inawezekana, na kwa goti lako ingesaidia, lakini elewa ukishusha pedeli bila kugusa fimbo umeshaisukuma pistoni mbele, yaani umekula plei yote kwa mlango wa nyuma. Na safari nzima ya pedeli imepungua, so kuachia kunapungua pia. Ndo maana mlolongo ni urefu wa pedeli kwanza, plei baadae, kamwe sio kinyume. Urefu sahihi uko kwenye kitabu cha ufundi cha gari, baki ndani ya kiwango hicho. Swichi ya chini nayo usiisahau, hii gari haiwaki mpaka pedeli ifike chini iiguse, kuna watu wameweka kizuizi cha mpira chini ya pedeli ili wafupishe safari, kesho yake gari haiwaki wanabadilisha betri.

Springi tuijadili. Wapenzi wengi wa 86 wanaitoa au wanaweka nyepesi zaidi, na mimi naungana nao kwa gari inayoendeshwa kwa raha, unaanza kusikia klachi vizuri sana, uzito unapanda sawasawa toka juu mpaka chini. Ila ukiitoa kabisa pedeli inakuwa nzito zaidi chini, na juu inaweza kulegea isirudi kwa nguvu. Kwa mtu wa Mwenge kila siku jioni, mguu tayari unauma, naona uweke ile nyepesi au uiache kwanza. Rekebisha fimbo, endesha wiki kadhaa, mguu ukizoea ndo uamue. Siku ya kuitoa vaa miwani, imebanwa na inaruka.

Sasa pedeli ya mafuta na breki. Hapo ulipoandika kwamba mafuta iko mbali nadhani unapima gari ikiwa imezimwa au unabonyeza breki kidogo tu. Washa injini ili busta (inayoongezea mguu nguvu kwenye breki) ifanye kazi, kanyaga breki kwa nguvu ile unayotumia kweli ukiingia kona, alafu angalia pedeli mbili zimekaaje. Breki ikishazama inatakiwa iwe juu kidogo tu ya mafuta au zilingane. Kwenye 86 ya kiwandani mara nyingi zinalingana vizuri, waliotengeneza gari walifikiria hilo. Tatizo linakuja kwa mtu anayebana breki kidogo kwasababu yuko mjini spidi 40, breki inabaki juu, mguu hauifikii mafuta. Sio gari, ni spidi. Hiyo mbinu fanyia mazoezi sehemu ambayo kweli unahitaji breki ya nguvu na hakuna mtu nyuma yako, sio Bagamoyo Road. Na sio lazima kisigino kiguse mafuta, kwa pedeli zilizokaa karibu hivi unaweka unyayo kwenye breki na unaviringisha upande wa nje wa mguu ugonge mafuta. Ukiwa na mguu mwembamba weka bamba la chuma juu ya pedeli ya mafuta, linaloongeza unene au upana wa upande wa breki, limefungwa kwa skrubu na sio gundi, na ukishafunga kanyaga mafuta yote injini ikiwa imezimwa uone linarudi bila kugusa breki wala kapeti.

Fimbo ya breki usiiguse. Nasema hivyo kwa uzito. Watu wanaona ni sawa na ya klachi, nati na fimbo, wanairefusha ili breki ilingane, na kitundu kama kile kile kipo kule pia. Ukiifunika, breki zinajibana zenyewe zikipata joto, unaendesha gari inayojifunga breki polepole mpaka diski zinabadilika rangi. Swichi ya taa za breki nayo inapotea mahali pake, zinawaka saa zote au haziwaki kabisa.

Kuna Porsche 911 za zamani, mpaka za 1986, zilikuwa na klachi ya waya na pedeli zimeota sakafuni badala ya kuning'inia, wenye nazo walikuwa wanarekebisha mara kwa mara na ilikuwa kawaida. Ushauri wao mwingi unazunguka mitandaoni na hauhusu gari yako, ukiona mtu anakwambia kaza waya pita.

Ukimaliza yote, rudia kupima plei gari ikiwa imetoka kwenye foleni na ina joto, hiyo ndo plei yenye maana. Baada ya wiki angalia ule mstari wa tipeksi kama nati imejilegeza. Na kama plei iko sawa, fluidi mpya, upepo umetolewa, kapeti moja, na bado rivasi inakwaruza au kuna sauti ya kulia inayokata ukikanyaga klachi, usirudi tena kwenye fimbo. Hapo tatizo liko chini, silinda ya chini au rilizi bearing, na kuifikia bearing ni mpaka gearbox ishuke, so siku hiyo hiyo nunua klachi pleti, presha pleti na bearing kwa pamoja, manake gharama ya kushusha gearbox ni ile ile.